Kilichonenepa kwa Mkopo wa Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Ruwazi ulioko pwani, alikuwako Sultani aitwaye Ghalibu, mtu mwenye mkono mpana na usingizi mchache. Mkono wake ulikuwa mpana kwa kuwa alijenga mjini Nyumba ya Mikopo, ikawa kazi ya nyumba ile ni kuvikopesha visiwa vidogo vilivyotapakaa mbele ya milki yake, visiwa visivyo na mto wala shamba la kutosha, ambavyo upepo mbaya wa usiku mmoja huweza kuviacha bila paa. Na usingizi wake ulikuwa mchache kwa sababu kila alichokikopesha alitaka kujua kimefanya nini. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo, akamwita Waziri wake Jabali, akamwuliza kama visiwa vimeendelea tangu jana.

Miongoni mwa visiwa hivyo kilikuwako kimoja kiitwacho Kitone. Watu walikiita hivyo kwa sababu ukikitazama kutoka roshani ya Sultani, utadhani ni tone la wino lililomponyoka mwandishi. Kitone kilikuwa na shida mbili zijulikanazo na kila mtu: watoto hawakuwa na maziwa, na maji ya kunywa yalikuwa ya mvua tu, tena hapakuwa na pa kuyakingia. Basi Sultani akakikopesha kisiwa kile mbuzi wa maziwa, na mawe na chokaa ya kujengea birika la kukingia maji, na magunia ya mchele ya kuwashikiza watu wakati wa ujenzi. Masharti hayakuwa mabaya. Mbuzi wakizaa, sehemu ya watoto irudi kwa Sultani. Na birika likijaa, maji yauzwe kwa vyombo vipitavyo, deni lilipwe polepole.

Mkopo ule ulianza vizuri, na hili halina budi kusemwa. Alikuwako mjane mmoja, Bi Mwatime, mwenye watoto pacha waliokuwa wamesinyaa hata majirani waliogopa kuwasifu. Alipopata mbuzi wake akawanywesha maziwa, na haukupita muda watoto wale wakawa na mashavu ya kufinywa, wakaanza kupigana wao kwa wao, na mama yao akafurahi kusikia ugomvi ndani ya nyumba yake. Mafundi nao walichimba shimo la birika na kuanza kupanga mawe.

Ndipo Sultani alipomtuma mpimaji, aende akaone.

Mpimaji alipofika, watu wa Kitone walifanya kama watu wenye adabu wafanyavyo, wakachinja. Mpimaji akala, akauliza, akaandika, akarudi Ruwazi na kumweleza Sultani kwamba mkopo unaelekea kufaa, ila unahitaji kupimwa zaidi. Sultani akamtuma mpimaji wa mbuzi, na mpimaji wa mawe, na mpimaji wa mchele. Kisha Waziri Jabali akamshauri kwamba si vyema wapimaji wasipimwe, akatumwa mpimaji wa wapimaji. Juu yao wote akawekwa bwana mmoja msomi aitwaye Ridhiwani, awe mkuu wao. Kila mmoja alikuja na kalamu yake, na kila mmoja alikuja na tumbo lake.

Ikawa kisiwa hakina nafasi tena ya kufanya kile kinachopimwa. Mafundi waliitwa waeleze ujenzi unakwendaje, na walipokuwa wakieleza, chokaa ikagandia kwenye karai. Wanawake waliitwa wakati wa kukamua, waeleze ukamuaji. Kisha wapimaji wakalalamika kwamba karatasi zao zinalowa kwa umande, ikabidi mawe na chokaa iliyosalia vijenge nyumba ya wapimaji, yenye kuta nene na madirisha mawili, na birika likabaki shimo ambalo kuku walilifanya pahali pa kutagia. Nao mbuzi wakawa wanapungua, mmoja kwa kila ugeni. Hapana aliyethubutu kukataa, kwani Jumbe Vuai, mkuu wa kisiwa, alikuwa akiwaambia watu wake kwamba mpimaji mwenye njaa hupima kwa hasira.

Zamu ya Bi Mwatime ikafika. Mbuzi wake alichinjwa asubuhi, na mchana Bwana Ridhiwani akaketi barazani pake, bakuli la mchuzi mkononi, akamwuliza kwa upole mbuzi wa Sultani amemfaa nini.

Bi Mwatime alilitazama lile bakuli. "Amenifaa sana, bwana," akasema, "mpaka leo asubuhi."

Bwana Ridhiwani akaandika kwamba amefaa mpaka leo, akaomba pilipili.

Maneno hayo yalisikiwa na jirani aliyeketi upande wa pili wa ua, mtu aitwaye Pandu. Pandu huyu hakuwa na kitu. Mbuzi walipokuwa wakigawanywa yeye alinyimwa, akaambiwa kwamba asiye na mbuzi hana dhamana ya kukopeshwa mbuzi. Watu walimhesabu kuwa mpumbavu, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuyapokea maneno kama yalivyotamkwa, bila kuyapunguza wala kuyaongeza. Mkewe, Mize, alipomwambia amtazamie chungu, alikitazama mpaka kikaungua, na alipoulizwa akajibu kwamba hakuambiwa akiipue. Lakini siku ile, akiwasikia pacha wa Bi Mwatime wakililia maziwa, Pandu hakufanya mzaha wowote, akakosa hata hamu ya kula, na Mize akadhani ana homa.

Haukupita muda, Bwana Ridhiwani akapeleka habari Ruwazi kwamba Kitone hakikuendelea: mbuzi wamekwisha ila kikongwe mmoja, birika halipo, na watu wake wana desturi ya karamu. Sultani aliposikia alihuzunika, kisha akakasirika, kwani huzuni ya mwenye mamlaka haikai sana peke yake. Akamwita Jumbe Vuai mbele ya kiti chake na kumwambia:

"Maelezo nimechoka nayo, na karatasi nimechoka nazo. Niletee kutoka Kitone kitu chenye nyama na damu, kilichonenepa kwa mkopo wangu, nikiweke juu ya mizani nikione kwa macho. Mwezi ukiandama bila ya kitu hicho, nitawahamisha nyote, mwende mkachote chumvi katika mashamba yangu mpaka deni liishe, na kisiwa nitawaachia ndege."

Jumbe akarudi Kitone, akawakusanya watu na kuwaeleza. Kilio kikazuka. Wengine wakashauri waazime ng'ombe kisiwa cha jirani, na Jumbe akasema ng'ombe wa watu si mkopo wa Sultani, na uwongo ukijulikana watachota chumvi bila mikono. Wengine wakashauri mbuzi kikongwe aliyesalia anyweshwe maji hata avimbe. Mbuzi mwenyewe aliletwa, akatazamwa, akarudishwa zizini.

Pandu akasimama, akamwomba Jumbe arudie maneno ya Sultani. Jumbe akarudia. Pandu akauliza kama Sultani alisema kitu hicho kiwe mnyama. Jumbe akafikiri, akasema la, alisema kiwe na nyama na damu. Akauliza kama alisema kiwe mali ya watu wa Kitone. Jumbe akasema la, alisema kitoke Kitone.

"Basi kitu hicho tunacho," akasema Pandu, "na kinalala katika nyumba yenye kuta nene."

Watu walikuwa wazito kuelewa, na Bi Mwatime ndiye aliyecheka wa kwanza, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi. Jumbe hakucheka, kwani shingo yake ndiyo iliyokuwa karibu na upanga. Lakini mfa maji haishi kutapatapa, akampa Pandu ruhusa ya kusema kwa niaba ya kisiwa, na kanzu yake mwenyewe ya kuvaa, kwa sababu ya Pandu ilikuwa na matundu mengi kuliko kitambaa.

Pandu akaenda kwa wapimaji, akawakuta wamejinyoosha baada ya chakula. Akawaamkia kwa heshima, akawaarifu kwamba Sultani ameagiza apelekewe kilichonenepa kwa mkopo wake, na kwamba kisiwa chote kinawaomba wafuatane naye hadi Ruwazi.

Bwana Ridhiwani akauliza wao watakuwa na kazi gani huko.

"Bwana wangu," akasema Pandu, "pasipo nyinyi hatuna cha kuonyesha."

Maneno hayo yalimpendeza Bwana Ridhiwani, akaona hatimaye watu wa Kitone wametambua thamani ya elimu. Wapimaji wakajipamba, wakajifukiza udi, wakashuka pwani. Nahodha alipowaona akazunguka chombo chake mara kadhaa, kisha akaomba radhi, akasema atawavusha kwa safari mbili, maana ana watoto.

Basi wakafika Ruwazi, wakaingia barazani kwa Sultani. Mizani kubwa ya kupimia pembe za ndovu ilikuwa imekwisha kutundikwa kwa minyororo, na wakuu wa mji wameketi kulia na kushoto. Wapimaji wakasimama safu moja mbele ya kiti, na Pandu akasimama pembeni katika kanzu ya Jumbe iliyompwaya. Jumbe mwenyewe alijificha nyuma ya nguzo.

Sultani akatazama, kisha akatazama mlangoni, akangoja. Hapakuingia kitu.

"Kiko wapi nilichokiagiza?" akauliza.

"Kimesimama mbele yako, Maulana," akajibu Pandu.

Sultani akawaamuru wapimaji wasogee kando, apate kukiona. Pandu akainama na kusema, "Wakisogea hawa, Maulana, nacho kitasogea."

Waziri Jabali alikuwa wa kwanza kufahamu, akainuka kwa ghadhabu, akasema huyu fukara amewatukana watumishi wa dola na atiwe gerezani. Lakini Sultani akamnyoshea mkono akae, akamwamuru Pandu ajieleze, na ajieleze vizuri.

Pandu akasema: "Maulana, uliagiza kitu chenye nyama na damu, nacho kinavyo vyote viwili. Uliagiza kitoke Kitone, nacho kimetoka huko leo. Uliagiza kiwe kimenenepa kwa mkopo wako. Mkopo wako ulikuwa mbuzi na mchele, na mbuzi na mchele wa mkopo wako vimo humo ndani. Kama nasema uwongo, wana mikanda uliyowapa kwa mkono wako siku ulipowatuma, iliyokatwa kwa kipimo cha miili yao. Waambie waifunge."

Ilikuwa kweli, kwani wapimaji wa Sultani hupewa mikanda ya ngozi kuwa alama ya kazi yao, na hawa walikuwa wameitundika mabegani kama watu waendao kufunga punda. Sultani akawaamuru waifunge. Mpimaji wa mchele alijaribu akashindwa. Mpimaji wa wapimaji alijaribu, ngozi ikakatika. Bwana Ridhiwani alivuta pumzi hata macho yakawa mekundu, na ncha mbili za mkanda wake zikatazamana kwa mbali kama ndugu waliogombania urithi.

Pembezoni mtu mmoja akakohoa, lakini hakikuwa kikohozi.

Bwana Ridhiwani hakuwa mtu mbaya, nayo aibu ilimchoma kweli. Akasema kwa sauti iliyokatikakatika kwamba wao hawakuiba kitu, kwamba walikuwa wageni, na watu wa Kitone walichinja kwa mikono yao wenyewe.

"Ni kweli, bwana," akasema Pandu. "Tulichinja wenyewe, na kosa hilo ni letu. Tuliogopa. Mtu aliyekuja kuandika habari zako humpi mboga ya majani."

Sultani akamgeukia Waziri wake, akamwuliza ni nani aliyewatuma wapimaji wengi namna hii katika kisiwa kidogo namna ile. Waziri akatazama zulia. Sultani akaendelea kungoja jibu, na jinsi alivyongoja ndivyo lilivyomjia mwenyewe, akaegemea kiti chake na kushika ndevu.

"Basi mkopo wangu ulikuwa mbaya," akanena kwa sauti ndogo.

"La, Maulana," akasema Pandu, akamhadithia habari za Bi Mwatime. Akamweleza pacha walivyokuwa kabla ya mbuzi, na walivyokuwa mbuzi alipokuja, jinsi walivyopigana na mama yao akawaacha wapigane. Kisha akamweleza siku ile ya mchuzi, na alichojibu mama yule, na kilichoandikwa. Hakuongeza neno wala hakupunguza, kwani ndiyo tabia yake. Bwana Ridhiwani alikuwa ameinamisha kichwa tangu bakuli lilipotajwa.

Sultani akauliza kama mtu anayeuliza kweli, si kama mtawala: "Nami nitajuaje, Pandu? Nikopeshe watu mali nisiulize imefika wapi? Huo nao si upumbavu?"

"Ni upumbavu, Maulana, na kuuliza ni haki yako. Lakini papai likibonyezwa kila siku haliivi, huoza. Liache mtini, uje siku yake. Na ukija, uje na chakula chako."

Hapo Sultani akaanza kucheka. Alianza kidogo, kisha akawatazama wapimaji walioshika mikanda yao kwa mikono miwili, kicheko kikamshinda, na baraza zima likacheka naye, hata Waziri Jabali aliyekuwa hataki. Alipotulia akaamuru wapimaji wapandishwe kwenye mizani, kwani ahadi ni ahadi. Minyororo ikalia, boriti ikalalamika, na Sultani akatangaza mbele ya watu wote kwamba Kitone kimetimiza kilichoagizwa, na kwamba tangu milki ianze hapana mkopo ulionenepesha kitu kiasi kile. Habari za mashamba ya chumvi zisitajwe tena, na mbuzi wengine wapelekwe kisiwani badala ya wale walioliwa, bila deni kuongezwa.

Akamwuliza Pandu hawa mabwana wafanywe nini.

Pandu akajibu kwamba watu wa Kitone hawana kinyongo nao na wako tayari kuwapokea tena. "Ila walezi wetu walitufundisha, Maulana, kwamba mgeni ni siku mbili, na ya tatu mpe jembe. Wageni hawa wamekaa zaidi ya siku mbili, nasi tuna shimo la birika linalongoja."

Sultani akaipenda hukumu hiyo. Akaamuru wapimaji warudi Kitone, wabomoe ile nyumba yenye kuta nene, wabebe mawe yake mpaka kwenye shimo, na wasirudi Ruwazi mpaka kila mmoja aweze kuufunga mkanda wake bila kuvuta pumzi.

Kisha akataka kumlipa Pandu. Akamwambia achague, dhahabu au cheo au nyumba mjini. Pandu akasema angependa mbuzi mmoja wa maziwa, kwani aliponyimwa zamani alipewa sababu ambayo mpaka leo anaifikiria. Sultani akacheka tena, akaamuru aletwe mbuzi mzuri kuliko wote wa zizi lake, mweupe, mwenye chuchu zilizojaa. Akaishika kamba mwenyewe na kumkabidhi Pandu mkononi.

"Huyu si mkopo," akasema, "ni zawadi. Nenda naye salama. Nami baada ya siku chache nitamtuma mtu aje aone anaendeleaje."

Pandu akamtazama Sultani, akamtazama mbuzi, akairudisha ile kamba mkononi mwa Sultani.

Kisha Sultani Ghalibu akafahamu alilolisema, akajipiga paji la uso, akacheka hata kilemba kikamdondoka na watumishi wakakimbilia kukiokota. "Mchukue mbuzi wako, Pandu," akasema alipopata sauti. "Simtumi mtu."

Basi Pandu akarudi kwao na mbuzi wake. Wapimaji nao walibeba mawe, na wa kwanza kuwahi na wa mwisho kupumzika alikuwa Bwana Ridhiwani, ambaye kila asubuhi kabla ya kazi alipita kwa Bi Mwatime kumchotea maji bila kuambiwa na mtu. Birika likakamilika kabla ya mvua za vuli, likajaa, vyombo vikaanza kusimama Kitone kununua maji, na mikanda ikafunga.

Mwaka wa pili, mtu mmoja aliyevaa kanzu ya kawaida alishuka Kitone akiwa na mfuko wa mkate na tende. Aliomba kivuli barazani kwa Bi Mwatime, na mama yule, asimjue, akamletea bakuli la maziwa. Mgeni akanywa huku akiwatazama pacha wakigombania kigae uani. Alifungua kinywa kama anayetaka kuuliza jambo, kisha akakifunga. Akarudisha bakuli, akashukuru, akaenda zake pwani. Na wanasema usiku ule Sultani alilala hata jua likamkuta kitandani.

Aliyenihadithia mimi alinyamaza hapo, nami sina cha kumwongezea.